Halmashauri ya kijiji imeridhia ekari 600 za malisho bila mkutano mkuu. Hati ya kimila ya kundi inaweza kuliokoa eneo?

Nyika_Kavu

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa kisheria na wa kiutendaji, siasa tuziache pembeni.

Kijiji kina vitongoji vinne. Vitatu ni vya wafugaji, wengi Wabarabaig, pamoja na familia za Wairaqw wanaolima. Cha nne ni cha Wahadzabe, na watu wazima wake hawafiki 100. Kijiji kimesajiliwa na kina cheti cha ardhi ya kijiji. Mpango wa matumizi ya ardhi hakina. Ulianzishwa ukaishia kwenye mchoro wa karatasi ya manila.

Kampuni ya kilimo imeomba ekari 600 kwa miaka 33. Halmashauri ya kijiji imekaa, imeridhia, mwenyekiti na mtendaji wamesaini na kugonga mhuri. Eneo hilo ni malisho ya kiangazi, na upande wa kaskazini linaingia kwenye pori ambako Wahadzabe huchimba mizizi na kurina asali. Hoja ya mwenyekiti ni kwamba chini ya hekta 250 halmashauri inajitosheleza, na kwamba eneo "halina mtu".

Nauliza: hoja hiyo ina mashiko? Kama haina, tunaanzia wapi? Na je, Wahadzabe wanaweza kupata hati yao wenyewe ndani ya kijiji ambamo wao ni wachache?

---

Wakili_Shamba

Mkuu, mwenyekiti kakosea mara mbili kwa pumzi moja.

Hekta 250 kwanza. Ekari 600 ni kama hekta 243, na sidhani namba hiyo imejiangukia tu. Kifungu anachokitegemea ni cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, kinachohusu uhaulishaji, yaani kuitoa ardhi kwenye ardhi ya kijiji na kuipeleka kwenye ardhi ya jumla au ya hifadhi. Chini ya hekta 250, anayekubali au kukataa ni mkutano mkuu wa kijiji, baada ya kupokea mapendekezo ya halmashauri. Ikizidi 250, mkutano mkuu unatoa maoni yake na Waziri ndiye anayeamua. Maana yake ni kwamba eneo likiwa dogo, kauli ya wanakijiji inakuwa nzito zaidi. Halmashauri peke yake haimo katika hesabu hiyo hata kwa hekta moja.

Sasa chunguzeni kampuni ni ya nani. Kama ni ya kigeni, haiwezi kumiliki ardhi ya kijiji kabisa. Lazima ardhi ihaulishwe kwanza, itolewe tangazo kwenye Gazeti la Serikali, fidia ikubaliwe, ndipo ipewe haki kwa ajili ya uwekezaji kupitia taasisi ya serikali. Kama ni ya wazawa na inataka kukodi tu, fungueni kifungu cha 32, chenye madaraja matatu. Hadi hekta 5 kwa muda usiozidi miaka 5, halmashauri ya kijiji inaamua na kutoa taarifa. Hadi hekta 30 na miaka 10, lazima mkutano mkuu uridhie. Zaidi ya hapo ni mkutano mkuu pamoja na ushauri wa Kamishna wa Ardhi. Hekta 243 kwa miaka 33 ziko daraja la juu kabisa, hakuna ubishi.

Juu ya yote kuna kifungu cha 8: halmashauri inashika ardhi kama mdhamini, na haigawi ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kwa hiyo muhtasari ule wenye mhuri ni pendekezo tu. Hatari yake ni kwamba wilayani unaweza kupokelewa kana kwamba ni uamuzi.

Kosa la pili ni "halina mtu". Hapa muwe makini, kwa sababu sheria zenyewe zinagongana. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapoeleza ardhi ya jumla ni nini, imechomekea ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Vijiji haina maneno hayo, na kifungu chake cha 7 kinahesabu ardhi iliyopumzishwa, ya malisho na njia za mifugo kuwa ardhi ya kijiji. Anayetaka ardhi yenu atasimama kwenye ile ya kwanza. Nanyi jibuni kwa ushahidi wa matumizi: miezi ambayo ng'ombe huingia, visima na malambo, ronjo (kambi za muda za mifugo) zilipo, mibuyu na mizinga ya asili upande wa Wahadzabe. Yote yaandikwe, yaambatanishwe na ramani, na wazee wa pande zote wasaini.

Hatua za haraka, kwa mpangilio huu:

Pateni nakala ya muhtasari wa kikao cha halmashauri pamoja na orodha ya mahudhurio na barua ya maombi ya kampuni. Mtendaji akigoma, ombeni kwa barua yenye tarehe, naye agonge mhuri wa kupokea kwenye nakala yenu. Akikataa hata hilo, ipelekeni kwa mtendaji wa kata.

Kisha malalamiko ya wanakijiji wasiopungua 100 kwenda halmashauri ya wilaya, kwamba halmashauri ya kijiji haisimamii ardhi kwa mujibu wa sheria. Namba hiyo imo ndani ya kifungu cha 8. Wilaya inatakiwa kulitatua, ikishindwa inalipeleka kwa Kamishna. Andikeni jina kamili, kitongoji, na sahihi au dole gumba. Orodha yenye majina yaliyoandikwa kwa mwandiko mmoja huangushwa mapema sana. Tazameni pia hesabu: Wahadzabe peke yao hawafiki 100, kwa hiyo wafugaji wasipotia dole, mlango huu unafungwa.

Mahakamani msikurupuke. Wengi wanaanzia Baraza la Kata hata pale mdaiwa anapokuwa halmashauri ya kijiji, na miezi inapotea bure. Tangu marekebisho ya 2020, kuishtaki serikali ya mtaa kunataka notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali aunganishwe, na kesi ifunguliwe Mahakama Kuu. Msipomuunganisha, kesi inakufa hata kama haki iko upande wenu. Trekta likiingia kabla siku 90 hazijaisha, wakili wenu apeleke maombi ya amri ya kulinda hali ilivyo, mawakili tunaiita Mareva, yaani amri inayoombwa kabla ya kesi yenyewe.

Mgogoro ukiwa kati ya mtu na mtu, njia ndiyo ile ya Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu ni wanawake, kisha Kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ila tangu 2021 Baraza la Kata linapatanisha tu, halihukumu. Likishindwa ndani ya siku 30, mnasonga mbele.

---

Bikoni_na_Kamba

Wakili amemaliza upande wa karatasi. Nasemea ramani, maana kesi nyingi za vijiji hufia hapo.

Cheti chenu kina ramani ya upimaji. Angalieni kwenye kona yake viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali, vimeandikwa kwa mfumo gani. Ramani nyingi za upimaji nchini ni za Arc 1960. GPS ya mkononi na simu zinasoma WGS84. Tofauti ya mifumo hiyo miwili kwetu ni kama mita 300, karibu yote ikielekea kaskazini au kusini. Mtu akichukua namba za kwenye cheti akazichapa kwenye simu bila kuzibadili, mpaka mzima unahama. Kwa mpaka wa kilomita 10 unaokwenda mashariki-magharibi, hizo ni hekta 300, zaidi ya ekari 740. Ekari 600 zinazogombewa zinamezwa zote humo na chenji inabaki.

Kuna mtego mwingine. Mstari wa longitudo 36 mashariki unagawa kanda 36 na kanda 37 za ramani (UTM). Bonde la Yaeda liko kanda 36, Simanjiro iko kanda 37. Ukisoma kwa kanda isiyo yako, nukta inakimbilia mamia ya kilomita. Hilo angalau linaonekana. Kosa la mita 300 halionekani mpaka siku ya mgogoro.

Kwa hiyo kabla ya kupinga chochote, mpeni mpimaji aliyesajiliwa Tanzania kazi moja tu: aweke mchoro wa kampuni juu ya ramani ya cheti, katika mfumo mmoja, asaini na kugonga mhuri wake. Neno "aliyesajiliwa" nalisisitiza. Katika kesi ya vijiji vya Loliondo kwenye Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, mwaka 2022 kitengo cha awali kiliwatupa walalamikaji kwa sababu hawakuthibitisha kwamba kuhamishwa kwa nguvu walikokulalamikia kulifanyika ndani ya ardhi yao. Mtaalamu wao wa ramani alitoka Kenya na hakuwa na idhini ya kufanya kazi hiyo hapa. Rufaa ya 2023 iliamuru kesi isikilizwe upya, lakini muda ulishakwenda.

Na msing'oe kigingi cha mtu, hata kama kimewekwa kimakosa. Kipigeni picha, chukueni viwianishi, muandike. Kung'oa bikoni ni jinai, na inawageuza ninyi kuwa watuhumiwa.

---

Masjala_ya_Ardhi

Swali la Wahadzabe limerukwa, nami naona ndilo gumu zaidi.

Sheria yetu ya ardhi haijui kabila. Inajua kijiji. Mamlaka yote yako kwenye mkutano mkuu, ambako kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ana kura. Kwa Wabarabaig walio wengi kijijini hiyo ni ngao. Kwa kitongoji cha watu 80 inaweza kuwa panga, kwa sababu siku wengi wakitaka pori liwe shamba, kura inahesabiwa na kazi imekwisha.

Ndiyo maana ya hati ya hakimiliki ya kimila ya kundi. Kifungu cha 22 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaruhusu mtu, familia au kundi kuomba. Mfano upo: Oktoba 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilaya ya Mbulu, walipata hati ya namna hiyo kwa msaada wa shirika la Ujamaa Community Resource Team. Hati ya kimila ina hadhi sawa na hati inayotolewa na serikali, haina ukomo wa miaka kwa mwananchi, na kulichukua eneo hilo maana yake ni kuchukua mali ya mtu. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda mali, na Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay, kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali.

Linganisheni na kesi ya kijiji cha Mulbadaw, Hanang. Wabarabaig waliishinda NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, Mahakama Kuu, mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikageuza, sababu mojawapo ikiwa kwamba kijiji hakikuonyesha kilivyogawiwa ardhi ile. Walikuwa wameishi pale muda mrefu. Karatasi ndiyo haikuwepo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mpango wa matumizi ya ardhi kwanza, chini ya sheria Na. 6 ya 2007. Timu ya wilaya inakuja, kijiji kinachagua kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi, maeneo yanatengwa, sheria ndogo zinatungwa, mkutano mkuu unapitisha, halmashauri ya wilaya inaidhinisha. Kisha kijiji kiwe na masjala: chumba chenye mlango wa chuma na nondo madirishani, kabati la chuma linalofungwa, daftari la usajili. Wilaya nyingi hazitatoa hati kama hakuna pa kuzitunza, na watu hushangaa mradi mzima kusimama kwa sababu ya kabati.

Kundi linaandika katiba yake: nani ni mwanachama, mtoto anaingiaje, aliyeolewa nje anabaki au anatoka, nani anasaini, na marufuku ya kuuza. Kuhusu wanawake msiandike mila zinazowanyima. Kifungu cha 20 kinazibatilisha, na katiba yenye kasoro hiyo hurudishwa. Maombi yakiwasilishwa, halmashauri ya kijiji ina siku 90 za kuyaamua. Hati inasainiwa na mwenyekiti na mtendaji, kundi linasaini chini ya kila ukurasa, kisha afisa ardhi wa wilaya anasaini, anagonga lakiri na kusajili. Hapa mwisho ndipo pengi panapokwama. Hati zenye sahihi za kijiji tupu, bila lakiri ya wilaya, zimelala kwenye makabati miaka na wenye nazo wanaamini wana hati.

---

Alalili

Naomba kupingana kidogo na Masjala. Hati ya kundi kwa pori la Wahadzabe, sawa. Kwa malisho ya kiangazi ningefikiri mara mbili.

Malisho yakiingia kwenye hati ya chama cha wafugaji, yanakuwa ya wanachama. Mwenye mbuzi watano asiyelipa ada anakuwa mgeni kwenye nyika ya babu yake. Na uongozi wa chama ukioza, mwekezaji hahitaji tena kuushawishi mkutano mkuu wa watu 900. Anahitaji viongozi 10. Nyika ni ya kuhamahama, ukiikata vipande mvua ikipita upande wa pili umeumia. Kwa malisho bora yatangazwe ardhi ya jumuiya chini ya kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, yaingizwe kwenye daftari la ardhi ya jumuiya, halafu vijiji jirani vifunge makubaliano ya pamoja ya matumizi ya ardhi chini ya kifungu cha 11. Kiteto walifanya: Orkitikiti, Lerug na Ngapapa waliunganisha malisho yao, eneo wakaliita OLENGAPASA kwa kuchota silabi za majina yao, zaidi ya hekta 20,000.

---

Masjala_ya_Ardhi

Alalili, mfano wako mwenyewe unakujibu nusu: OLENGAPASA nao waliongeza hati za kimila kwa chama chao cha wafugaji juu ya makubaliano hayo. Sababu ni kugawanywa kwa vijiji. Kijiji kikizaa kijiji kingine, mipaka ya cheti inabadilika, mpango wa matumizi unaanza upya, na katika pengo hilo ndipo malisho huliwa. Hati ya kundi haifi kwa mgawanyo huo. Ila hoja ya mwenye mbuzi watano naikubali. Katiba iseme kila mkazi mwenye mifugo ni mwanachama bila ada ya kuingia, na kwamba kukodisha eneo lolote kunahitaji kwanza mkutano mkuu wa kijiji, siyo kamati. Katiba nyingi za kunakili hazina kipengele hicho cha pili.

---

Mwenyeji_wa_Laikipia

Hamjambo ndugu. Kwa kulinganisha tu: huku Kenya Sheria ya Ardhi ya Jamii Na. 27 ya 2016 inaanza na jamii yenyewe, si kijiji. Jamii inaweza kujitambulisha kwa kabila, kwa ukoo, kwa eneo au kwa namna ya maisha. Inasajiliwa, inachagua kamati ya watu 7 hadi 15. Mkataba na mwekezaji unahitaji theluthi mbili ya watu wazima, katika mkutano ambao theluthi mbili yao wamehudhuria. Inasikika vizuri, lakini kwenye nyika yenye watu elfu kadhaa, wengine wakiwa mbali na mifugo, akidi hiyo haipatikani kirahisi, na usajili wenyewe unajikokota. Kabla ya kusajiliwa, ardhi hushikiliwa na serikali ya kaunti kama mdhamini, na hapo ndipo vijana wanapaswa kukesha. Na hukumu nayo si ardhi mkononi: Waogiek, jamii ya wawindaji wa msitu wa Mau, waliishinda serikali kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu mwaka 2017, fidia ikaamriwa 2022, shilingi za Kenya milioni 157.85 na ardhi ya mababu wapewe hati.

---

Nyika_Kavu

Asanteni sana wakuu. Swali la mwisho: mwenyekiti amesikia, sasa anataka kuitisha mkutano mkuu wiki ijayo "kuhalalisha". Wanaume wengi wako ronjo na ng'ombe, na Wahadzabe hawajapewa taarifa.

---

Wakili_Shamba

Msiususie. Mkisusia, muhtasari utaandika "wote waliridhia" na mtakuwa mmempa kile alichokosa.

Leo hii andikeni barua ya kuomba tarehe isogezwe hadi mifugo irudi, mkieleza sababu na kutaja kitongoji ambacho hakikupewa taarifa. Nakala kwa mtendaji wa kata, diwani na mkurugenzi wa wilaya, zote zigongwe mhuri wa kupokea. Tangazo lililobandikwa, na mahali ambapo halikubandikwa, vipigwe picha zenye tarehe. Tafuteni mtu wa kutafsiri Kihadza na Kibarabaig siku hiyo, na muhtasari umtaje, kwa sababu mkutano ambao watu hawakuelewa kinachojadiliwa ni rahisi kuupinga baadaye.

Wakiushikilia, hudhurieni. Kila kitongoji kiwe na daftari lake la mahudhurio mbali na la mtendaji. Ombeni mambo matatu yaingie kwenye muhtasari kwa maneno yenu: kampuni ni ya nani, ramani ya eneo iko wapi, na Kamishna ameshauri nini. Bila majibu ya hayo, toeni hoja ya kuahirisha, na hesabu ya kura iandikwe kwa namba, siyo "wengi". Muhtasari usomwe na kusainiwa papo hapo kabla watu hawajatawanyika; ule unaokwenda "kuchapwa mjini" hurudi na mambo ambayo hayakusemwa.

Na lile eneo la Wahadzabe, Masjala awasaidie kuandika maombi ya hati sasa hivi, hata kabla ya mpango wa matumizi kukamilika. Yapokelewe na mtendaji yakiwa na tarehe inayotangulia siku ya mkutano.